Dhahabu Yako na Tui la Kahaso

S.L.P. 73,
Msambweni,
Kwale.

Jumapili, 22 Novemba 1998

Mpendwa binti yangu Bushra,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wakati unapoifungua barua hii naomba uwe umekwisha kula, umevaa soksi, na mlango umeufunga kwa ufunguo. Hujambo mwanangu? Kifua je? Yale mafua yaliyokuanza mwezi wa kumi yamekuondoka ama bado yanakunyemelea? Usinijibu "sijambo" ya mkato kama ulivyozoea. Nijibu kiungo kimoja kimoja, kuanzia kichwa.

Sisi huku alhamdulillahi. Baba yako hajambo, ila goti lake ndilo linalojibu kabla yake kila akisimama. Ndugu yako Adnan hajambo. Mkewe Kahaso naye hajambo, na habari zake ninazo nyingi, maana yeye ndiye aliyenifanya nishike penseli. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio uliokuwa haujatulia, na sababu utaiona humu. Barua hii nimeianza mara mbili na mara mbili nimeichana.

Mwandiko usiucheke. Kwenye masomo ya ngumbaru tulifundishwa herufi kubwa na ndogo, lakini kunyoosha mstari hatukufika. Naandika kwa penseli ili nikikosea nifute.

Barua yako ilifika tarehe tisa. Ile sehemu ya Kiswahili niliisoma mwenyewe, nimekaa juu ya mbuzi ya nazi, nazi yenyewe nimeisahau mkononi. Zile kurasa mbili za Kiingereza ulizozitia ndani ili Adnan ajaribu kuzisoma, Adnan alizigeuza juu chini akasema kichwa kinamuuma. Nikampelekea Mwalimu Syovata, yule jirani yetu Mkamba anayefundisha darasa la saba. Unamkumbuka. Mwaka jana wakati wa zile fujo za kuwafukuza watu wa bara alikimbilia kwao, tukadhani basi, hatumwoni tena. Mwezi wa kwanza, barabara bado imechimbika kwa mvua za Elinino, tukamwona anakuja kwa miguu, begi kichwani na jogoo kwapani. Nilimkumbatia mpaka jogoo akapiga kelele.

Syovata akasoma, akasoma tena. Akasema, "Mama Adnan, hii imenizidi kidogo. Inasema msichana wako anatawanya nuru."

Nikashtuka. "Nuru ya nani?"

"Si ya mtu, mama. Mwanga tu. Anapiga mwanga kwa maji iko na dhahabu."

Sasa hilo neno dhahabu alilitamka kwa sauti ya darasani, na mke wa Kaingu alikuwa anapita na mtungi wake. Kufika Alasiri, mtaa mzima umejua kwamba Bushra binti Zahoro anachota dhahabu Uingereza. Jioni mke wa Kaingu akaja mwenyewe, akakaa, akavua ndala. "Mama Adnan, mimi si mtu wa makubwa. Kipini tu cha pua." Nikamweleza vile ulivyoandika, kwamba dhahabu yote iliyomo chupani mwako haitoshi hata kipini cha mbu. Akafikiri, akasema, "Basi nitumie hicho cha mbu, nitajua pa kukivaa." Tulicheka mpaka baba yako akatoka nje kuuliza kuna nini.

Lakini jambo lililonitia hofu halikuwa dhahabu. Ni damu. Ulipoandika kwamba ile protini unayoichanganya na dhahabu inaitwa albumini, nayo imetoka kwenye damu ya ng'ombe, niliiweka barua chini nikaenda kunawa mikono. Damu, Bushra! Ukishika damu mchana kutwa unaswali na nguo gani? Nikashindwa kukaa nalo. Nikamwendea Maalim wa chuo cha Kurani. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Anainywa?"

"Maalim," nikasema, "mimi nimezaa mtoto wa kunywa damu?"

"Basi anaisoma. Mwambie anawe vizuri na awe na nguo mbali ya kuswalia. Na aniombee dua na mimi, maana yeye amekwenda mbali kutafuta elimu kuliko nilivyokwenda mimi."

Nikarudi nimetulia. Kuja kusoma chini zaidi, kumbe umeandika kwamba inakuja kavu ndani ya kichupa, nyeupe kama unga wa muhogo. Ungelianza na hilo, mama, usingelinitembeza juani.

Habari ya nuru nayo nimeielewa, na nataka ujue kwamba nimeielewa, kwa sababu umeieleza kwa jiko langu. Lile tundu la makuti juu ya mafiga lipo bado. Asubuhi jua likipanda kidogo linapenya hapo, linateremka kama fimbo mpaka sakafuni, na ndani ya fimbo hiyo vumbi na moshi vinacheza. Ulipokuwa na miaka minne ulikuwa ukilikamata vumbi lile kwa ngumi, ukifungua ngumi hakuna kitu, unalia. Nilikuwa nakwambia, "Toka hapo, ni vumbi tu, utaungua." Kumbe kazi yako ndiyo niliyokuwa nakufukuzia.

Umesema jua lenyewe halionekani likipita hewani, ila vumbi likilikatiza, kila punje hurusha nuru kidogo upande wake, ndipo tunaona. Na mashine yako ni tundu hilohilo. Badala ya jua kuna leza, mwanga mwekundu mwembamba kama uzi. Badala ya moshi wa kuni kuna punje za dhahabu ndani ya maji, ndogo kiasi kwamba unywele mmoja ukiupasua mara elfu bado hujazifikia. Ndogo hurukaruka upesi, kubwa hujikokota, na nuru inayorushwa humetameta upesi ama polepole kwa kadiri hiyo. Mashine inahesabu huko kumetameta, na wewe unaujua ukubwa wa kitu ambacho hujapata kukiona. Pale Syovata alirudia mara mbili, kisha akasema, "Huyu ni wa kwetu kweli?" Nikamwambia huyu nilimnyonyesha mimi.

Na macho? Umesema unavaa miwani. Usiivue hata kama mwenzako ameivua. Leza si jua la jikoni.

Kisha ukaeleza namna protini zinavyoizunguka punje ya dhahabu na kuivika nguo, na ikishavaa inakuwa nene kidogo na mwendo wake unapungua, na hivyo mashine inatambua kwamba imevaa. Hapo sikuhitaji mwalimu. Kahaso alipovaa buibui mara ya kwanza alikuwa anatoka mlangoni kama anavuka mto, hatua moja, anasimama, hatua nyingine. Kabla yake alikuwa akikimbia na ndoo mbili. Nilimwonyesha Kahaso mstari ule, akasema, "Kwa hivyo mimi ni dhahabu?" Adnan akajibu kutoka chumbani, "Na protini ni mimi." Basi hao ndio tunaoishi nao.

Pale ulipomtaja shangazi yako marehemu nilikatiza kusoma. Sikujua kwamba ulikuwa unaangalia. Nilidhani u mtoto, hukuziona zile nywele zikibaki kwenye mto. Dawa ya saratani ilipita mwili mzima ikitafuta mahali pamoja pa kutibu, na ilikopita iliharibu. Unasema siku moja dawa itapandishwa juu ya punje kama hizo ipelekwe panapouma tu. Lakini ikiingia ndani ya damu, protini zitaivika, na mwili hautaiona dhahabu wala dawa, utaiona nguo. Kwa hiyo lazima mtu aijue nguo kwanza. Nimefahamu, mwanangu. Sasa najua unatafuta nini huko kwenye baridi.

Nikafika ukurasa wa mwisho, na huo niliusoma polepole nikitaraji maneno yatabadilika.

Umesema dhahabu yako ikiwa nzima ni nyekundu kama sharbati ya harusini, lakini kila ukiitayarisha inageuka buluu kama wino, inashikana yenyewe kwa yenyewe vibonge vibonge, inatuama chini ya chupa. Mashine inasema ni kubwa, lakini si kubwa ya kuvaa, ni kubwa ya kugandana. Miezi sita hivyo. Unafuata karatasi iliyoachwa na mwanafunzi aliyekutangulia, hatua kwa hatua, na yeye amekwisha kwenda kwao hana anwani. Na tarehe kumi na nane Disemba walimu wako wanakaa kukusikiliza, na ukiwa huna cha kuwaonyesha ndiyo mwisho. Ukaandika, "Mama, nadhani nitarudi nyumbani. Labda tutafunga Ramadhani pamoja."

Nilimsomea baba yako. Akakuna goti. Akasema, "Sisi kule kiwanda cha sukari tulikuwa tunatia chokaa kwenye maji ya miwa makusudi, ili taka zigandane zizame. Tulikuwa tunasifiwa kwa kugandisha. Yeye analia." Hakuwa anakufanyia mzaha. Ni namna yake ya kusikitika.

Sasa naja kwenye tui.

Jumanne iliyopita tulikuwa na wageni wa baba yako kutoka Majoreni, watu saba. Kahaso akaniambia, "Mama, leo niachie jiko." Nikamwachia. Unajua kwao Bamba ni kukavu, nazi wanaiona kwa wageni, lakini hapa alikuwa amenitazama miezi minne nikipika samaki wa tui na moyo wake ulikuwa tayari. Mimi nikakaa na wageni. Baada ya muda nikasikia harufu ya mafuta, ile harufu isiyotakiwa. Nikaingia jikoni. Mafuta juu, maji chini, na vibonge vyeupe vinaelea katikati kama pamba iliyolowa.

Nikapiga kelele, "Kahaso! Umelikata tui!"

Maskini yule mtoto akaitazama mikono yake yote miwili, akaiinua juu. "Wallahi mama, sijashika kisu!"

Alikuwa hajui neno hilo. Alidhani namshtaki kwa kukata kitu kwa kisu. Wageni wanacheka ukumbini, yeye amesimama na mikono juu kama amekamatwa na askari, machozi yanamlenga. Nikamshusha mikono. Nikamwambia, "Tui halikatwi kwa kisu, mwanangu. Ulianza na nini?"

"Nilitia chumvi na ukwaju, mama, ndio nikamimina tui."

"Ndipo hapo. Tui bichi likikutana na chumvi na ukwaju linashtuka, linajikusanya lenyewe. Kwanza tui. Ulikoroge usiliache mkono mpaka lichemke, lishikane na kitunguu na samaki wake. Ukwaju baadaye. Chumvi mwisho!"

Nikiwa nimesema hivyo, upawa mkononi, nikasimama. Bushra, nilisikia kama mtu ameniita. Kwa sababu maneno yako niliyajua kwa moyo, kwa kuyasoma mara nyingi. Uliandika hivi: kwanza unaitia dhahabu kwenye maji ya chumvi, chumvi kiasi cha ile iliyomo kwenye damu, halafu ndipo unatia albumini.

Kwanza chumvi.

Kahaso ananiuliza, "Mama, nimwage?" mimi nimekodoa macho kwenye sufuria.

Siku ya pili yake mchana nilifanya jambo ambalo ukisimulia huko, usitaje jina langu. Niliazima tochi ya Syovata. Nikaingia chumba cha ndani, nikafunga mlango na dirisha, nikaziba mwanga wa chini kwa leso. Nikatia maji kwenye bilauri na matone mawili ya tui, nikawasha tochi kwa upande. Subhanallah! Njia ya mwanga ikaonekana ndani ya maji kama lile tundu la jikoni, kwa pembeni ina ubuluu wa moshi. Nikakaa nikaitazama. Ndipo nikatia maji ya ndimu na chumvi. Haikuchukua muda, kukawa na vibonge, vikashuka, na ile fimbo ya mwanga ikaharibika, huku ipo, huku haipo. Baba yako akagonga, "Mwanafatuma, umo humo na nani?" Nikamwambia nimo na Bushra. Nilitaka kujaribu tena nikitanguliza ute wa yai, kwa kuwa Syovata amesema nao ni protini, lakini baba yako alikuwa amekwisha kulikaanga.

Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba dhahabu na tui ni mamoja. Mimi ni mpishi. Lakini nakuuliza kwa akili yangu hii: dhahabu yako unaitia kwenye chumvi ikiwa uchi. Kwa nini usiivike kwanza? Itie kwenye maji matupu pamoja na albumini yake, uiache ivae, ikishavaa ndipo uilete kwenye chumvi, kidogo kidogo, kama anavyofanya mtu mwenye mchuzi wa watu saba. Huenda aliyeiandika ile karatasi alikosea mpango, ama wewe uliinakili kwa haraka. Huenda pia mwalimu wako amekwisha kukuambia na mimi nakupotezea wakati. Sijui. Lakini jaribu.

Hapa nimefuta mara tatu. Sasa nimechukua kalamu ya wino ya Adnan, ili haya yasifutike.

Haya niliyokuandikia niliyajua tangu Jumanne. Jumatano Syovata alikuwa anakwenda Ukunda, akapita hapa na mfuko wake: "Mama Adnan, barua ya Bushra iko tayari niiweke posta?" Nikamwambia sina barua. Nilikuwa nayo kichwani nzima. Nikamwambia sina.

Kwa sababu nilipousoma ule mstari wa Ramadhani, Bushra, sikulia. Nilifurahi. Mungu anisamehe na wewe unisamehe. Wewe ulikuwa unaandika huku machozi yanakutoka, doa nimeliona kwenye karatasi, na mimi mama yako nikaingia kufagia chumba chako. Nilimwambia Adnan akipake chokaa, akakipaka mara mbili. Kisha nikafanya na jingine. Syovata alisema shule ya wasichana wanatafuta mwalimu wa sayansi kuanzia Januari. Nikajifunga leso, nikaenda kwa mwalimu mkuu, nikamwambia, "Binti yangu yuko njiani anarudi." Sikukuuliza. Nilikupa kazi kama mtu anayempangia mtoto nguo ya Idi.

Tangu uondoke ni miaka miwili na miezi mitatu. Nikisikia baridi kwenye redio nakufikiria wewe. Nilijiambia, dhahabu ikigandana basi na igandane, mwanangu atakuwa kwenye meza yangu. Ukiijua habari ya chumvi utabaki miaka mingine miwili. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nawaza, nikikoroga uji, nikiswali, siku tatu nzima.

Ijumaa Kahaso akapika tena. Hakuniruhusu kusogea. Alikoroga mpaka mkono ukamuuma akabadilisha mkono, chumvi akaitia mwisho, na tui likakaa laini, jeupe, halina hata uzi wa mafuta. Baba yako alikula akaramba upawa. Tulipokuwa tunaosha vyombo akaniambia, "Mama, ahsante kwa kunionyesha. Wengine wangeniacha nikosee, wapate kunicheka."

Hakujua alichosema. Nilikwenda uani nikasimama peke yangu. Mtoto wa watu, aliyeingia nyumbani juzi, nimemfundisha mpaka amepatia. Wa tumboni mwangu nimemnyima.

Basi jana asubuhi nilirudi kwa mwalimu mkuu, nikamwambia nilisema jambo nisilolijua, binti yangu yuko masomoni na hayuko njiani. Hakukasirika. Alisema yupo kijana wa Tiwi aliyeomba, atampa yeye. Nilirudi nyumbani mwepesi, na miguu ikiuma. Simu nisingeweza kukupigia, maana tangu uhame nyumba mwezi wa kumi sina nambari yako, na hilo nalo tutalizungumza. Kesho Syovata anakwenda Ukunda na barua hii anaishika mkononi, si mfukoni. Nimehesabu: ikichukua siku kumi na mbili utaipata siku kumi na tatu kabla ya walimu wako kukaa. Zile siku tano nilizokuficha sina namna ya kukurudishia. Nimekuombea badala yake.

Ukijaribu isipofaulu, chumba kipo na chokaa yake, na njoo, wala usije na kichwa chini. Hapa hatumpokei mtu kwa vyeti. Ikifaulu, baki, usome umalize, na mwaka huu tena nitakuwekea tende zako kwenye kopo nizile mwenyewe mwezi wa Shawali kama nilivyofanya mwaka jana. Yote mawili nimeyakubali. Nilikuwa nimekubali moja tu.

Adnan anataka kuezeka jiko upya kabla ya Ramadhani, makuti mapya yamekwisha kushonwa. Nimemwambia aezeke kote ila lile tundu aliache. Akasema, "Mama, mvua itaingia." Nikamwambia nitatega bakuli. Nataka asubuhi nikiwasha moto nilione vumbi likicheza kwenye jua, nijue kwamba saa hiyo na wewe umeinama unatazama lako.

Baba yako anakusalimu sana na anauliza kama huko wana dawa ya goti isiyopita mwili mzima. Adnan anakusalimu. Kahaso anakusalimu, anasema yeye ndiye mwanafunzi wako wa kwanza. Mwalimu Syovata anakusalimu na zile kurasa za Kiingereza ameziomba awaonyeshe watoto wake wa darasa la saba, nimempa. Maalim anakumbusha dua yake. Mke wa Kaingu, unajua anachokumbusha.

Mwenyezi Mungu akulinde macho na kifua, akufungulie jambo lako jepesi baada ya uzito, na akurudishe kwetu siku iliyo njema kwako, si siku niliyoitaka mimi.

Ni mimi mama yako, nikupendaye nikiwa na penseli na nikiwa na wino,

Mwanafatuma

Nimeifungua bahasha tena, gundi ilikuwa bado mbichi. Kama habari ya chumvi ulikuwa umekwisha kuijua, niandikie vilevile kwamba hukuijua.